Pumba Tupu Ndiyo Inayolemaza Vifaranga wa Bata Bukini

"Dokta, nipe kalsiamu, vifaranga wa bukini wamelegea miguu." Ombi hili halikomi, na karibu kila anayelileta amewalisha vifaranga pumba ya mahindi na makoko ya posho (ugali) tangu walipoanguliwa. Kalsiamu haihusiki hapo. Baridi haihusiki, wala jicho la jirani.

Wamekosa niasini, yaani vitamini B3. Kifaranga wa bukini anaihitaji karibu mara mbili ya kifaranga wa kuku. Mahindi yanayo, ila imefungamana ndani ya nafaka na tumbo la ndege haliwezi kuitoa. Ndiyo maana kifaranga anashiba pumba kutwa huku miguu inapinda.

Angalia kuanzia wiki ya kwanza hadi ya tatu. Kifaranga anakaa chini kuliko wenzake, kifundo kinavimba, miguu inapinda kama upinde, halafu anaanza kujiburuta kwa mabawa kufuata chakula. Ukimwahi, saga vidonge vya niasini, miligramu 100 hadi 150 kwa lita 4 za maji, na maji hayo ndiyo yawe ya kunywa pekee. Yabadilishe kila siku. Wengi husimama ndani ya siku chache, lakini usiache hapo: endelea mpaka wafikishe wiki 8 au 10. Poda ya vitamini mchanganyiko pia inafaa, mradi usome lebo na uone niasini imo. Usisubiri siku ya soko! Mfupa ukishapinda haunyooki, na hakuna sindano ya kuunyoosha.

Chakula chenyewe kiwe cha vifaranga, protini asilimia 20 hadi 22, kwa wiki 3 za kwanza. Baada ya hapo shusha hadi 15 au 16 na uwatoe kwenye majani mafupi. Nyasi changa za paspalamu wanazipenda sana. Anayeendelea kuwajaza protini bila malisho huona bawa likigeukia nje. Bawa hilo lifunge kwa bandeji laini siku 3 hadi 5, ndege akiwa bado anakua, na upunguze protini siku hiyo hiyo. Kwa mkubwa, limeshakuwa hivyo.

Chakula cha kuku wa mayai wasiguse kabisa: kina kalsiamu nyingi mno, inaharibu figo za kifaranga. Mahindi yenye ukungu nayo usiwatupie, hata kama kuku wameyala wakanusurika. Sumu yake huua bata na bukini kwa kiasi ambacho kuku anakistahimili. Na sakafuni ondoa magazeti, yanateleza na kutawanya miguu. Tandika maganda ya kahawa yaliyokauka vizuri.

Eti bukini hufukuza nyoka, na kinyesi chake humwozesha nyoka ngozi. Kinyesi hakimfanyi nyoka lolote. Bukini hupiga kelele, na hilo ni msaada wa kweli usiku, lakini swila au kifutu anaweza kumuua, na vifaranga humezwa. Fyeka nyasi kuzunguka nyumba, funika nafaka panya wasije. Panya wakiondoka, nyoka hana cha kufuata.

Eti bila bwawa hawaishi wala hawapandani. Wanapenda kupandana majini, lakini nchi kavu pia wanaweza. Dume mmoja kwa majike 3 anatosha. Wasichoweza kukosa ni chombo chenye kina cha kuzamisha kichwa kizima, sentimita 15 hadi 20, wasafishe macho na pua. Shimo la maji yaliyotuama ni ugonjwa tu. Vifaranga walioanguliwa na mashine hawana mafuta ya mama kwenye manyoya, wakiogelea mapema wanalowa na kufa kwa baridi.

Eti bukini haugui. Ni mgumu, kweli, lakini anaweza kubeba kideri bila dalili kubwa na kuwamalizia kuku wako. Januari 2017 homa ya ndege aina ya H5N8 iliua ndege pori kwenye ufukwe wa Lutembe, karibu na Entebbe, Uganda, na ikapatikana kwa ndege wa kufugwa Masaka. Kwa hiyo bukini wa kando ya ziwa usiwachunge mahali ndege pori wanapotua. Ukikuta ndege wamekufa ufukweni, usiwashike kwa mikono mitupu. Fungia wako ndani na umwite afisa mifugo wa wilaya siku hiyo hiyo.