Kilo 40 unazo, begi bado linakataliwa

Swali ninaloulizwa kuliko yote pale uwanja wa ndege, kaunta ya kupokea mizigo, ni moja: "Naruhusiwa kilo ngapi?" Linaulizwa begi likiwa tayari limefungwa, limeviringishwa nailoni na limepigwa kamba juu yake. Hata hivyo, kilo peke yake hazitoshi kukujibu.

Fungua tiketi yako utafute sehemu ya mizigo. Ukikuta 30K au 40K, shirika lako linahesabu uzito wa jumla. Ukikuta 1PC au 2PC, linahesabu mabegi, na kila begi lina kikomo chake, ambacho kwa daraja la kawaida mara nyingi ni kilo 23. Hapa ndipo watu wanapokwama. Mwenye 2PC akija na begi moja la kilo 28 na jingine la 18, kichwani kwake anajumlisha 46 na kuona yuko sawa. Hayuko sawa. Begi la 28 limezidi, na eksesi, yaani malipo ya uzito uliozidi, atalipa. Akihamisha kilo tano, hadaiwi hata senti.

Mwenye kilo za jumla naye ana mtego wake. Mama mmoja aliyekuwa anakwenda Muscat kwa mwanawe aliweka begi kubwa kwenye mizani, ikasoma 34.

"Mwanangu, si umesema nina arobaini?"

"Arobaini unazo, mama. Ila begi moja halivuki 32."

Alinitazama kama ninayetaka chai. Tukalifungua pembeni, akatoa unga wa muhogo na mchele, akaviweka kwenye begi tupu alilokuwa amelikunja ndani ya mkoba. Mabegi mawili, kilo zilezile, yakapita bila malipo. Kikomo hicho cha 32 kipo kwa ajili ya migongo ya vijana wa kupakia. Kwenye ndege za ukubwa wa Boeing 737, mizigo mara nyingi hupangwa kwa mkono, na mpangaji anafanya kazi akiwa amepiga magoti ndani ya tumbo la ndege. Hakuna hirizi wala kujuana kutakakolipitisha begi la kilo 34.

Vipimo navyo vina hesabu yake. Mashirika mengi ya 2PC yanataka urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 158. Katoni ya televisheni huangukia hapo, hata ikiwa nyepesi.

Kama unaunganisha ndege, angalia tiketi ni moja au ni mbili. Kwenye tiketi moja, kwa kawaida kiwango kimoja cha mizigo hufuata safari nzima. Ukinunua mbili tofauti, kila shirika linakuhesabia upya. Wanaoumia zaidi ni wanaotoka Ulaya na mabegi mawili ya kilo 23, kisha wanapanda vindege vya Cessna Caravan kwenda Mafia au Serengeti. Huko kiwango cha kawaida ni kilo 15, na wanataka begi laini la kukunjika, kwa kuwa sanduku gumu la magurudumu haliingii vizuri kwenye sehemu ya mizigo.

Sasa betri, ambazo mimi nazipa uzito kuliko kilo zote. Pawabenki haiendi kwenye mzigo wa chini, kamwe. Betri ya lithiamu ikiharibika hujichemsha yenyewe kwa ndani, na gesi ya kuzimia moto iliyoko kwenye tumbo la ndege inaweza kuua mwali bila kusimamisha ule mchemko. Ikiwaka juu, kwenye sehemu ya abiria, wahudumu wanaiona na wanaimwagia maji. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliteketea ikiwa bado uwanjani Gimhae, Korea Kusini, na uchunguzi ulielekea kwenye pawabenki iliyokuwa kwenye kabati la juu ya viti. Kwa hiyo usiitupie hata huko juu. Kaa nayo karibu. Tangu Oktoba 2025 Emirates wanaruhusu moja tu kwa abiria, isiyofika wati-saa 100 (kipimo cha nishati ya betri), na huruhusiwi kuitumia angani.

Wati-saa unazipata hivi: chukua mAh zilizoandikwa, zidisha kwa volti, gawa kwa 1,000. Ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ni wati-saa 74, inapita. Kati ya 100 na 160 omba kibali cha shirika kwanza. Zaidi ya hapo iache nyumbani. Na ndege ikijaa, begi lako la mkononi likachukuliwa mlangoni kupelekwa chini, toa pawabenki kabla hujaliachia. Hili watu wenye uzoefu wa safari nao hulisahau.

Vimiminika nitavipitia haraka: kwenye begi la mkononi, chombo kisizidi mililita 100, na kinachoangaliwa ni ukubwa wa chombo, kwa hiyo chupa kubwa yenye mafuta kidogo chini inabaki. Achari, asali na samli vyote vinahesabiwa humo. Viwekeni kwenye begi la chini, vifuniko vikiwa vimezungushiwa selotepu, maana achari ikimwagika kwenye kanzu ya Idi hakuna sabuni itakayoitoa.

Kuhusu nailoni ya kuviringishia, sina ugomvi nayo, lakini wakaguzi wakitaka kuona ndani wataikata. Fedha yako ingekuwa na kazi nzuri zaidi kwenye zipu imara. Bandua stika za safari za zamani, mashine isije ikasoma msimbo usio wako. Weka ndani karatasi yenye jina na simu. Na kabla hujaondoka kaunta, soma herufi tatu kwenye stika mpya: MCT ni Muscat, ZNZ ni Zanzibar.

Dhahabu, dawa na hati beba mkononi. Tanzania na Kenya zimo kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu fidia kwa abiria wa ndege za kimataifa, na kikomo cha fidia ya mzigo, tangu mwisho wa Desemba 2024, ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa), takriban dola 2,000. Hiyo ni kwa abiria, siyo kwa begi. Begi lisipotokea kwenye mkanda, au likatoka limepasuka, andikisha taarifa kwenye dawati la mizigo kabla hujatoka nje, uchukue nakala. Kisha peleka malalamiko kwa shirika kwa maandishi: siku 7 tangu ulipolipokea kwa begi lililoharibika, siku 21 kwa lililochelewa. Kile kipande cha stika kilichobandikwa kwenye pasi yako ya kupandia ndege ndicho watakachokuomba kwanza.