Je, wajua kwa nini .22 ndogo huwa ngumu kukoki kuliko rifle ya nyati?

Risasi ya .22 ina unene wa milimita 5.7 tu, na kichwa chake kwa kawaida kina uzito wa gramu 2.6. Bunduki zake nyingi hazifiki kilo 3. Lakini mpe mtu .22 kuukuu iliyorithiwa, ya zile zinazotunzwa na leseni zake kwenye nyumba za wakulima wa Sikonge au Urambo, umwambie aikoki, yaani aiweke tayari kufyatua. Ataishusha begani, ataibana kwapani, ataung'ang'ania mkono wa bolti, lile komeo la chuma linaloifunga risasi ndani, hadi uso ukunjamane. Rifle ya .375, inayoangusha nyati, mara nyingi hufunguka kwa vidole viwili. Kwa nini mdogo awe mkaidi kuliko mkubwa?

Jibu liko katika kazi inayofanyika pale unapoinua mkono wa bolti. Wengi hudhani wanafungua komeo tu. Kumbe kwenye bunduki nyingi za bolti mkono huo unafanya kazi mbili kwa pamoja: unafungua, na unaibana springi ya pini, kile chuma kinachoigonga risasi iwake. Nyuma ya bolti kuna mteremko uliochongwa kwenye chuma. Mkono ukipanda, mteremko huo unaisukuma pini nyuma, springi inakunjamana, na kifyatulio kinaidaka pini na kuishikilia. Uzito unaousikia mkononi ni springi pamoja na msuguano wa chuma juu ya chuma.

Ujanja huu ni wa zamani. Bunduki ya sindano ya Dreyse, iliyoingia jeshini Prussia miaka ya 1840, ilimtaka askari akoki pini kwa tendo la peke yake. Mauser ya 1871 ikaunganisha matendo hayo: ukiinua mkono, umekoki. Ndiyo bunduki waliyokuwa nayo askari wengi wa Wajerumani hapa kwetu vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, ikiwa bado inatumia baruti nyeusi yenye moshi mzito uliowaumbua mafichoni. Wabelgiji walipoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, ilikuwa imeshapitwa na wakati, lakini mteremko wake uko hai hadi leo kwenye .22 nyingi. Waingereza wao, na Lee-Enfield yao, waliihamishia kazi ya springi kwenye kufunga: mkono unapanda kirahisi, ukisukuma bolti mbele ndipo unakutana na uzito. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu bunduki, jua kwanza ni ya ukoo gani.

Turudi kwa .22. Fataki ya risasi yake, yaani kile kinachowasha baruti, haiko katikati ya kitako kama ya risasi kubwa. Imo ndani ya ukingo uliokunjwa kuzunguka ganda. Ili iwake, pini lazima iuponde ukingo huo wa shaba dhidi ya mdomo wa chemba, tundu inamokaa risasi nyuma ya mtutu. Kwa hiyo springi haiwezi kulegezwa eti kwa kuwa risasi ni ndogo. Sasa springi hiyo yenye nguvu imewekwa kwenye bolti nyembamba, yenye mkono mfupi, na mteremko ambao kwenye bunduki za bei nafuu haukung'arishwa vizuri kiwandani. Mkono mfupi maana yake nguvu zaidi kutoka kwako. Zingine zinafunguka kwa kupanda nyuzi 60 badala ya 90, na hapo ni sawa na mwendesha baiskeli anayekata kilima moja kwa moja badala ya kuzunguka: umbali umepungua, jasho limeongezeka. Na kuna jambo ambalo watu hawalifikirii: bunduki nyepesi haitulii. Ukiinua mkono wa bolti, bunduki nzima inajipindua pamoja nao, na nusu ya nguvu zako inaishia kuishikilia isizunguke. Rifle ya kilo 4 inatulia yenyewe.

Hayo ni ya kuzaliwa. Ugumu ulioongezeka baadaye ni habari nyingine, na hapo ndipo watu huharibu bunduki kwa kukimbilia tupa kabla ya kujua tatizo liko wapi.

Toa magazini, fungua bolti, tazama ndani ya chemba kwa macho kisha hakikisha kwa ncha ya kidole kidogo. Angalia na sefti pia, yaani kizuizi cha usalama. Kwenye baadhi ya bunduki sefti hufunga bolti kabisa, na wapo waliopigana nayo nusu saa kumbe dawa ilikuwa kuisukuma kwa dole gumba. Bunduki ikiwa tupu, elekeza mtutu mahali salama, inua mkono wa bolti na uushushe bila kugusa kifyatulio. Kisha inua tena. Mara hii ya pili pini tayari imeshikiliwa nyuma, springi haina kazi. Mkono ukiwa mwepesi sasa, ugumu wako uko kwenye springi na mteremko, na huenda tone la grisi tu litatosha. Ukiwa mzito vilevile, kuna uchafu, kutu, mkono uliopinda, au chuma kinachokwaruzana mahali kisipotakiwa.

Bolti ikienda vizuri tupu lakini ikagoma risasi inapoingia, tazama chemba. Vichwa vingi vya .22 vinapakwa nta au grisi kwa nje, na kwa kuwa kichwa kina unene sawa na ganda, nta hiyo iko wazi kabisa. Risasi zikikaa mfukoni mwa koti mwezi wa Agosti, vumbi la Tabora linanata juu yake, linaingia chemba, linachanganyika na masizi na kuganda kuwa ukoko. Risasi inayofuata inabidi ujilazimishe kuisukuma. Hapo hakuna haja ya fundi: brashi ya chemba, kitambaa, na risasi zikae kwenye kasha lake. Ikiwa ni nzito kufungua baada tu ya kupiga, ganda linang'ang'ania. Safisha chemba, na lichunguze ganda. Ukiona limepasuka ukingoni, acha kupiga mpaka bunduki ikaguliwe.

Mafuta nayo yana lawama yake. Kigoma mawese yapo kila nyumba, na Tabora alizeti inakamuliwa karibu kila mtaa, basi mtu anaona mafuta ni mafuta. Mawese huganda joto likishuka chini ya nyuzi thelathini na kitu, kwa hiyo asubuhi ya baridi bolti inakuwa imefungwa kwa grisi ya njano. Alizeti ni mbaya zaidi: ikikaa na hewa inageuka gundi ya kahawia ambayo kitambaa kikavu hakiitoi. Bolti nyingi nilizosikia zikiitwa mbovu zilikuwa na gundi ya namna hiyo tu. Mafuta ya taa yanailainisha. Loweka bolti, sugua, kausha kabisa, ndipo upake mafuta ya cherehani, kidogo sana. Kwenye ule mteremko weka grisi kiasi cha punje ya mchele, kwa sababu mafuta mepesi husukumwa pembeni na mgandamizo. Njia ya pini ibaki karibu kavu. Mafuta yakijaa mle, pini inapunguza kasi na risasi haziwaki.

Ukishasafisha na bado kuna mkwaruzo, paka mteremko wino wa maka, fungua na kufunga bolti mara kadhaa, kisha tazama wino umefutika wapi. Palipofutika ndipo chuma kinapogusana. Mara nyingi utakuta kijino kidogo tu kilichoachwa na mashine. Kutumia bunduki kwenyewe hukilainisha kijino hicho polepole. Kukipitisha msasa laini sana wenye mafuta kunaharakisha, lakini kazi ya kugusa chuma ni ya fundi mwenye kibali. Bolti nyingi zimekomazwa juu juu tu, kwa tabaka jembamba kuliko ukucha. Ukilimaliza kwa tupa, chini kuna chuma laini kinachojichana na kung'ang'aniana, na ugumu unarudi mara mbili. Ile dawa ya kusagia valvu za gari, inayopendwa gereji, haichagui. Inakula hata sehemu zinazoifunga bolti wakati wa kufyatua, na nafasi ya ukingo wa risasi, ambayo ni milimita 1.1 tu, inapanuka. Kukata springi nako kunafanya mkono uwe mwepesi kweli, ila risasi zinaanza kugoma, na risasi iliyogoma inaweza kuwaka sekunde kadhaa baadaye bolti ikiwa wazi mbele ya uso wako.

Kuna tabia moja inayozalisha ugumu bila mtu kujua: kufyatua .22 tupu kwa mazoezi. Pini isipokuta ukingo wa ganda, kwenye bunduki nyingi inapiga mdomo wa chemba wenyewe na kuinua kijidonda cha chuma kuelekea ndani. Kila risasi inayoingia baadaye inakwaruzwa na kijidonda hicho. Fundi ana chombo maalumu cha kukirudisha mahali pake.

Na zipo .22 za mashindano ambazo ni ngumu kwa makusudi. Chemba zake zimebanwa kiasi kwamba risasi ikiingia, kichwa kinaanza kushika mifereji ya mtutu kabla hata hujafyatua. Uzito unaousikia mkono unaposhuka mwishoni ni kichwa hicho kikichongwa na mifereji. Ukiipeleka kwa fundi akaulainisha, umelipia kuondolewa usahihi ulioununulia bunduki.