Rudisheni thamostati kwanza, hita tutaijadili baadaye

"Huku kwetu joto, thamostati ya nini?" Kauli hii haichoki kutembea gereji hadi gereji, na thamostati ni ile valvu inayozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta kubwa ya kupoza mpaka yapate moto. Kila Juni hadi Agosti, wenye Hiace na Land Cruiser za zamani zilizogeuzwa kuwa gari za kulala wanapanda Ngorongoro wamejifunika blanketi, hita imefunguliwa mpaka mwisho, inapuliza uvuguvugu. Wakishuka wanauliza rejeta ndogo ya hita inauzwa bei gani. Jamani, rejeta ndogo ina kosa gani? Thamostati mmeing'oa wenyewe!

Hita hizi hazina moto wake. Zinaazima maji ya injini, zinayapitisha kwenye rejeta ndogo, feni inapuliza hewa juu yake, basi. Ndiyo maana hazili mafuta ya ziada, na ukizima injini zinapoa. (Na usilale injini ikiunguruma ili upate joto. Moshi wa bomba ukiingia ndani unaua, na hautakuamsha kwanza.)

Thamostati nyingi za dizeli za Toyota zimechongwa namba 82. Inaanza kufunguka maji yakikaribia nyuzi 82, na kwenye 95 iwe imeinuka milimita 8 hivi au zaidi. Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta kubwa muda wote, hata injini ikiwa ya baridi. Injini ya dizeli ya Toyota kama 5L au 1HZ ikiwa kwenye mteremko, umeachia mafuta, nje kuna ukungu wa ukingoni, haitengenezi joto la kushindana na rejeta kubwa. Hita itapata wapi? Usitegemee geji ya joto pia: sindano za Toyota nyingi hukaa katikati hata joto likipanda au kushuka nyuzi kadhaa. Pima kwa kipimajoto cha kumulika, kwenye chuma cha nyumba ya thamostati.

Sasa hili ndilo linaloniudhi. Mafundi wanasema wameitoa ili gari lisichemshe. Angalieni thamostati yenyewe: nyingi za Toyota zina sahani ya pili chini, inayoning'inia kwenye springi. Injini ikiwa ya baridi, njia ya mkato iko wazi, na maji yanarudi kwenye injini bila kupita rejeta kubwa. Injini ikipata moto, valvu ya juu inafunguka na sahani ya chini inaiziba ile njia ya mkato. Ukitoa kifaa kizima, njia ya mkato haizibwi kamwe. Kwenye mlima, gari limebeba kitanda, jiko na matangi ya maji, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupozwa. Kwa hiyo gari lile lile linachemsha likipanda na linagandisha watu likishuka, halafu fundi anasema, "Umeona? Bila mimi kuitoa ingekuwa mbaya zaidi." Ni sawa na kung'oa mlango kwa sababu kitasa kimekwama. Ukikuta thamostati imekwama, tafuta kilichoikwamisha, na mara nyingi ni kutu ya maji ya bombani yaliyokaa miaka.

Ukinunua mpya, ipime kabla ya kufunga. Za bandia zipo tele na boksi halisemi kweli. Ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji, isiguse chini, weka kipimajoto, pasha taratibu. Ukiifunga, kile kipini kidogo kinachocheza kiwe juu, ndipo hewa inapotokea.

Thamostati ikiwa nzima na hita bado baridi, shika mipira miwili ya maji inayokwenda kwenye hita, injini ikiwa imepata moto na hita imefunguliwa. Yote miwili ya moto: maji hayana shida, tafuta feni, kibao cha kugeuza hewa, au vumbi lililoziba rejeta ndogo. Mmoja wa moto na mwingine baridi: koki imefungwa, rejeta ndogo imeziba, au hewa imenasa. Yote ya uvuguvugu: rudi kwenye thamostati. Hita ikipasha ukipiga resi na kupoa injini ikiunguruma bila resi, vitabu vitakuambia pampu ya maji. Mimi naongeza maji na kutoa hewa kwanza, maana kwa mkono huwezi kutofautisha pampu dhaifu, maji pungufu na rejeta iliyoziba nusu. Anza na isiyo na gharama.

Kusafisha rejeta ndogo: chomoa mipira yote miwili, ingiza maji kwa upande wa kutokea, kwa presha ndogo. Usitumie kompresa. Kifuniko cha rejeta nyingi kimeandikwa 0.9, ambayo ni kipimo cha presha, yaani mfumo mzima hauishi kwenye presha kubwa. Rudishia kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu, maji yaliyochujwa nusu, siyo ya kisima. Maji ya betri yanafaa, lakini yale matupu, siyo asidi. Naandika hivyo kwa sababu kuna waliochanganya.

Hiace nyingi zilizotoka Japani zina hita ya pili nyuma, na paipu zake za chuma zinapita chini ya bodi zikila matope. Zikitoboka, fundi anazikata. Kama ni lazima, unganisha ncha mbili kwa mpira ili maji yaendelee kuzunguka, usizibe tu.

Hewa hupenda kunasa huko nyuma. Paki pua ikiwa juu kilimani, injini ya baridi, hita zote wazi, kifuniko cha rejeta nje. Washa, ongeza maji yakishuka, minyaminya mipira. Isipotosha, zima, subiri ipoe, chomoa mpira wa kurudi wa hita ya nyuma na mimina maji kwenye mpira wa kwenda mpaka yatoke bila kukohoa.

Baada ya safari ya kwanza, injini ikiwa imepoa kabisa, angalia maji ndani ya rejeta yenyewe, siyo kwenye chupa ya akiba tu. Yakipungua na kapeti ya mbele imelowa, au kioo kina ukungu wenye harufu tamu, rejeta ndogo inavuja. Kapeti ikiwa kavu na mapovu yanapanda rejeta bila kukoma kila ukiwasha, ni gasketi ya silinda hedi, na hapo hita haihusiki tena.