Majibu yanasema virusi havionekani. Vimekwenda wapi?

Karatasi ya kipimo cha wingi wa virusi vya UKIMWI (VVU) ikirudi na neno "havionekani", furaha huja kwanza na maswali hufuata. Je, nimepona? Kwa nini bado napewa dawa? Mengi ya hapa chini yanahusu hilo. Machache ni habari za vijiweni ambazo hazijaisha mpaka leo.

VVU vikishaingia mwilini vinafanya nini hasa?

Vinatafuta seli za CD4. Hizi ni aina ya chembe nyeupe za damu, na kazi yake kubwa ni kuamsha na kuelekeza seli nyingine za kinga, zikiwemo zinazotengeneza kingamwili. Kirusi hushika kwanza protini ya CD4 iliyo juu ya seli, kisha ya pili iliyo karibu nayo, mara nyingi ile iitwayo CCR5. Utando wake ukishaungana na wa seli, mzigo wa ndani unamwagwa.

Mzigo wenyewe ni mdogo ajabu: nyuzi mbili za RNA zenye jeni tisa, pamoja na vimeng'enya vitatu. Cha kwanza huigeuza RNA kuwa DNA. Cha pili huichomeka DNA hiyo ndani ya DNA ya mtu mwenyewe, kwenye kiini cha seli. Cha tatu hukata protini mpya katika vipande vinavyofaa ili virusi vichanga vikomae. Shika hiyo hatua ya pili, kwa sababu karibu kila kinachowasumbua watafiti na wagonjwa kinatokana nayo.

Kwa hiyo kila seli inayokufa imeuawa na kirusi?

Wengi tunadhani hivyo, na sivyo. Mtu asiyetumia dawa hutengeneza takriban virusi bilioni 10 kwa siku, na seli inayovizalisha huishi kama siku mbili tu. Lakini nyingi za seli zinazokufa kwenye matezi ni zile ambazo kirusi kiliingia kikashindwa kumaliza kazi. Seli inagundua vipande vya DNA ngeni, inajiua, na katika kufa inamwaga kemikali zinazoita seli nyingine za CD4 kuja kusaidia. Zinakuja, na yanazikuta yale yale. Kinga inajimaliza kwa bidii yake yenyewe.

Pigo la kwanza halitui kwenye damu. Linatua kwenye utumbo, ambako seli za CD4 ni nyingi, na sehemu kubwa ya hizo hupotea katika wiki za mwanzo. Wakati huo mtu anaweza kupata homa, koo kuuma na matezi kuvimba, akanywa dawa ya malaria, akaendelea na maisha. Wengine hawahisi kitu. Ukuta wa utumbo uliodhoofika huruhusu vipande vya bakteria kupenya kwenye damu, na kinga hukaa katika hali ya tahadhari miaka yote. Hali hiyo huumiza hata viungo ambavyo watu hawavihusishi na VVU. Utafiti wa kimataifa uitwao SMART, uliochapishwa mwaka 2006 ukiwa na washiriki 5,472, ulionyesha kwamba waliosimamisha dawa kwa vipindi walipata vifo vingi zaidi, na matatizo ya moyo, figo na ini yalikuwa mengi zaidi kwao kuliko kwa walioendelea.

VVU na UKIMWI si kitu kimoja?

VVU ni kirusi, UKIMWI ni hatua ya mwisho ya uharibifu wake. Mtu mzima mwenye afya huwa na CD4 kati ya 500 na 1,500 hivi katika milimita moja ya ujazo ya damu. Zikishuka chini ya 200, magonjwa nyemelezi hupata njia: utando mweupe hadi kwenye koo la chakula, nimonia isiyo ya kawaida, homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi. Mkanda wa jeshi huja mapema zaidi. Kifua kikuu nacho hakingoji 200, na ndicho kinachoongoza kwa kuua watu wanaoishi na VVU.

Sasa turudi kwenye karatasi. Virusi vimekwenda wapi?

Vimelala, na vimelala mahali pabaya.

Baadhi ya seli za CD4 ni za kumbukumbu. Ndizo zinazokumbuka ugonjwa uliougua utotoni au chanjo uliyochomwa, na huishi miaka mingi zikiwa zimetulia. Kirusi kikiingia katika seli inayokaribia kutulia, DNA yake huchomekwa kama kawaida, halafu kila kitu kinanyamaza. Hakuna protini ya kirusi inayotengenezwa, kwa hiyo kinga haioni adui. Kipimo kinahesabu virusi vinavyoelea kwenye damu, na hapo havipo. Dawa nazo hazina la kufanya. Kidonge cha TLD kinachotumika sana Afrika Mashariki kina dawa tatu: tenofovir na lamivudine huzuia kile kimeng'enya cha kwanza, na dolutegravir huzuia cha pili. Zote zinalinda seli ambazo bado hazijaingiliwa. Hakuna hata moja inayoweza kuchomoa DNA iliyokwisha kuchomekwa. Ni sawa na shamba lililopaliliwa vizuri: juu hakuna gugu, chini mbegu zinangoja mvua.

Kibaya zaidi, seli hizo zikigawanyika, DNA ya kirusi inanakiliwa pamoja nazo. Watafiti wa Johns Hopkins huko Marekani walipima kasi ya akiba hii ya seli zilizolala na kirusi ndani kupungua, wakakuta inachukua takriban miezi 44 kufika nusu. Kwa mwendo huo, kuimaliza kwa dawa peke yake kungechukua zaidi ya miaka 70. Nawasikia wanaosema dawa za maisha ni biashara ya makampuni. Makampuni yana dhambi zake, lakini hii ya miezi 44 hawakuitunga wao.

Nikiacha dawa nikiwa najisikia vizuri?

Kwa walio wengi virusi hurudi kwenye damu ndani ya wiki chache, na mara nyingi mtu hahisi lolote. Mwaka 2011 umati ulipomiminika kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba, wapo waliokuwa kwenye ARV wakaziacha. Walijisikia vizuri, na haishangazi, kwa sababu dawa walizomeza miezi iliyotangulia zilikuwa zimewajengea CD4. Mwezi wa kwanza baada ya kuacha hauthibitishi uponyaji wowote.

Kumeza leo na kuruka kesho ni hatari ya aina nyingine. Kimeng'enya cha kwanza hunakili kwa makosa mengi na hakirudi kuyasahihisha. Dawa ikiwa kidogo kwenye damu, kirusi chenye kosa linalokisaidia kuikwepa ndicho kinachozaliana, na hapo usugu unaanza.

Nilijipima kwa kipimo cha mate kikaonyesha sina. Je?

Kama uko kwenye ARV, kipimo hicho si chako. Kinatafuta kingamwili, si kirusi, na kwa mtu aliyetumia dawa muda mrefu zinaweza kupungua hadi zisionekane, akiba ikiwa pale pale.

Naweza kumwambukiza mwenzangu?

Kwa ngono, kama virusi havionekani na unaendelea na dawa, hapana. Ushahidi wa mwanzo ulitoka hapa kwetu: huko Rakai, Uganda, watafiti waliwafuatilia jozi 415 za wenzi, mmoja akiwa na VVU na mwingine hana, na katika matokeo ya mwaka 2000 hakuna maambukizi yaliyotoka kwa mtu mwenye nakala za virusi chini ya 1,500 kwa mililita ya damu. Tafiti kubwa zilizofuata zilikazia hilo, na Shirika la Afya Duniani sasa linalisema waziwazi. Kunyonyesha ni habari nyingine kidogo: hatari hushuka sana mama akimeza dawa, lakini mtoto bado anahitaji dawa zake za kinga na vipimo vyake kama ratiba ya kliniki inavyosema.

Eti damu ya kundi O haishiki VVU?

Inashika. Kundi la damu ni habari ya chembe nyekundu, na kirusi hakizitafuti hizo. Ni kweli wapo waliokaa miaka mingi kwenye hatari bila kuambukizwa. Kina mama wanaofanya biashara ya ngono Pumwani, Nairobi, walifuatiliwa tangu miaka ya 1980, na baadhi yao walionekana kuwa na kinga ya pekee, ila haikutokana na kundi la damu. Na baadhi ya hao baadaye waliambukizwa.

Kuna mtu aliyewahi kupona kabisa?

Wapo wachache sana. Wa kwanza alikuwa Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyetibiwa saratani ya damu mjini Berlin. Alipandikizwa uboho wa mtu ambaye seli zake hazina CCR5, ile protini ya pili inayoshikwa na kirusi. Alifariki mwaka 2020 kwa saratani hiyo iliyorudi, akiwa hana VVU. Upandikizaji huo unaweza kuua, kwa hiyo haupewi mtu ambaye kidonge kimoja kwa siku kinamtosha.

Njia nyingine inayojaribiwa ni kuziamsha seli zilizolala kwa makusudi ili zionekane na kuuawa, watafiti wakitumia dawa za saratani. Katika majaribio ya mwanzo kwa wagonjwa virusi viliamka kweli, lakini akiba haikupungua kwa kiasi cha maana. Kinachotafutwa sasa ni namna ya kuziua seli hizo zikishaamka.