Kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo: uchaguzi wa vipuri uanzie kwenye monita na kwenye umeme

Swali la kwanza ninaloulizwa na mtu anayetaka kuunganisha kompyuta ya gemu kwa fedha kidogo huwa ni la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta: achukue i5 au i7, Intel au AMD. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Dar es Salaam, na kwa maoni yangu swali hilo lina haki ya kuja la tatu. Yapo mawili yanayolitangulia, nayo ni monita itakayotumika inaonyesha picha ya ukubwa gani, na umeme utakaoilisha mashine hiyo ni wa namna gani. Jibu la kwanza ndilo linaloamua kadi ya grafiki, na la pili ndilo linaloamua pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme kwa vipuri vyote. Hivyo ndivyo vipuri viwili ambavyo, vikichaguliwa vibaya, humfanya mtu anunue mara mbili kitu ambacho alikuwa na uwezo wa kukinunua mara moja tu.

Monita ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi kidogo ya milioni 2, na ile ya 2560 kwa 1440 ina nukta karibu milioni 3.7, ambazo kadi ya grafiki hulazimika kuzichora zote upya kwa kila fremu. Mwenye monita ya mtumba iliyotoka ofisini, ambayo hubadili picha mara 60 kwa sekunde, hana sababu ya kulipia kadi inayotoa fremu 140 kwa sekunde, kwa kuwa sehemu kubwa ya ziada hiyo haitafika machoni pake. Ni bora pia aseme mapema anacheza nini. Gemu za kupigana risasi mtandaoni kama Valorant na Counter-Strike 2 huitegemea sana prosesa, ilhali gemu kubwa za hadithi, zenye miji na mapori ya kuzunguka, huilemea zaidi kadi ya grafiki.

Kwa monita ya 1920 kwa 1080, kadi ninayoipendekeza mara nyingi ni Radeon RX 6600. Ilitoka mwaka 2021, ina kumbukumbu ya GB 8, na hutumia takribani wati 132, kiasi ambacho pawasaplai ya kawaida iliyo bora hukimudu bila shida. Ndugu yake mdogo, RX 6500 XT, huonekana ni nafuu ya kuvutia, lakini toleo lake la kawaida lina GB 4 na huwasiliana na ubao mama, ile bodi kuu inayobeba vipuri vyote, kwa njia nne tu za PCIe, tundu ambamo kadi huchomekwa. Ikiwekwa kwenye ubao wa zamani wa PCIe 3.0 hupoteza nguvu nyingi, na wanunuzi wa kadi hiyo ndio hasa wenye mbao za zamani. RX 6600 ina njia nane, hivyo hasara yake katika hali hiyo ni ndogo.

Kadi za mtumba zina mahali pake, hasa RX 580 ya GB 8, ila zinahitaji macho. Baada ya sarafu ya Ethereum kuacha uchimbaji wa kutumia kadi mnamo Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni kote duniani. Kadi ya namna hiyo haiharibiki kwa lazima, lakini feni zake huwa zimechoka na ute wa kupitisha joto huwa umekauka, kwa hiyo bei yake inapaswa kubeba gharama ya kuihudumia. Jambo jingine ni jina lenyewe. RX 580 kamili ina vitengo 2304 vya kuchakata picha, lakini lipo toleo lenye vitengo 2048 tu ambalo boksi lake huandikwa RX 580 vilevile. Programu ya bure ya GPU-Z huonyesha idadi hiyo mara moja, na muuzaji mwaminifu hatakataa uifungue mbele yake.

Sasa nije kwenye pawasaplai, ambayo watu huiachia fedha zilizobaki. Huu ndio uamuzi ninaoupinga kwa nguvu zote, kwa sababu pawasaplai mbovu inapokufa inaweza kuondoka na ubao mama pamoja na kadi ya grafiki. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni haitoshi kukuhakikishia chochote. Soma jedwali dogo la lebo, utafute safu ya volti 12, kisha zidisha ampea zake kwa 12, kwa kuwa prosesa na kadi ya grafiki hulishwa kutoka huko. Pawasaplai inayojitangaza kuwa ya wati 500 huku safu yake ya volti 12 ikiwa na ampea 20 itatoa wati 240 tu mahali zinapohitajika. Alama ya 80 Plus nayo ieleweke ilivyo. Hupima ni sehemu gani ya umeme unaoingia hutumika bila kupotea kama joto, na haisemi lolote kuhusu kinga dhidi ya shoti wala ubora wa kapasita. Mashine yenye RX 6600 na prosesa ya kori 6, yaani vitengo sita vya kuchakata, hutumia chini ya wati 300 inapofanya kazi ngumu, kwa hiyo pawasaplai ya kweli ya wati 450 au 500, yenye dhamana ya miaka kadhaa kutoka kwa mtengenezaji, inatosha na kubaki na nafasi. Ukikuta pawasaplai ya zamani yenye swichi nyekundu ya volti 115 na 230 kwa nyuma, hakikisha iko kwenye 230 kabla ya kuichomeka, kwa sababu umeme wetu ukiingia wakati swichi iko kwenye 115 utaiunguza papo hapo.

Umeme wa ukutani wenyewe hupanda na kushuka, na kukatika ghafla wakati kompyuta inaandika data ni hatari kwa mafaili. Ninawashauri wateja watenge fedha za stabilaiza au UPS, kifaa chenye betri kinachoshika umeme unapokatika, tangu mwanzo wa hesabu. Kwa UPS, tazama wati, si VA, maana wati huwa pungufu, na mnunuzi anayeona 650 VA akadhani ni wati 650 ataizima mashine yake katikati ya mchezo. Baadhi ya UPS za bei ya chini hutoa mkondo usiofanana na wimbi laini la umeme wa gridi, na pawasaplai nyingi za kisasa zinaweza kuukataa zikajizima. Viwili hivi vijaribiwe pamoja kabla ya kulipia.

Prosesa sasa huchaguliwa kwa urahisi. Kwa upande wa AMD, Ryzen 5 5600 ya kori 6 hukaa kwenye soketi (tundu la prosesa) ya AM4, ambayo mbao zake na RAM zake (kumbukumbu ya kazi) za aina ya DDR4 zimeenea sana, mpya na mtumba. Kwa Intel, Core i3-12100F ya kori 4 ni nafuu na ina kasi nzuri, na i5-12400F ya kori 6 ni hatua ya juu yake. Herufi F maana yake prosesa haina grafiki ya ndani, kwa hiyo bila kadi hutaona chochote kwenye monita. Asiye na fedha za kadi kwa sasa anaweza kuanza na Ryzen 5 5600G, yenye grafiki ndani yake inayoendesha gemu nyepesi, kisha akaongeza kadi baadaye. Ajue tu kwamba ina nusu ya kashe ya L3, kumbukumbu ndogo ya kasi ndani ya prosesa, iliyomo kwenye 5600, yaani MB 16 badala ya 32, na baadhi ya gemu huihisi tofauti hiyo. Ukinunua ubao mama wa B450 uliotumika, uliza toleo la BIOS yake, programu inayouwasha ubao, kwa kuwa mbao hizo zilitoka kabla ya prosesa za 5000 na nyingine haziwaki hadi zisasishwe.

RAM inunuliwe vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, ili prosesa isome njia mbili kwa pamoja. Kwa anayetumia 5600G jambo hili ni la lazima, kwa sababu grafiki yake haina kumbukumbu ya kwake. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM imepanda sana duniani, kwa vile viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili unde, na hiyo ni sababu moja zaidi ya kubaki na DDR4. Vipande vya DDR4 vilivyotolewa kwenye kompyuta za ofisi za wima vinafaa. Vile vifupi vya laptopu na vya kompyuta ndogo sana haviingii.

Kompyuta hizo za ofisi za mtumba, Dell OptiPlex na HP EliteDesk, huuzwa pia kama njia ya mkato: nunua, chomeka kadi, cheza. Njia hiyo ipo, lakini ni nyembamba. Nyingi zina pawasaplai na viunganishi vya muundo wao wenyewe, hivyo pawasaplai ya kawaida haiingii bila adapta, na zile za kasha jembamba hupokea kadi za kimo kifupi pekee. Kadi inayozifaa ni ile inayoishi kwa wati 75 za nafasi ya PCIe yenyewe, kama GTX 1650 isiyo na tundu la umeme. Tazama pia kizazi cha prosesa. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi huanzia kizazi cha nane cha Intel, ikihitaji na TPM 2.0, chipu ya usalama. OptiPlex 9020 yenye i7 ya kizazi cha nne, inayosifiwa kwa sababu ya hiyo i7, haimo. Valorant nayo, ikiwa kwenye Windows 11, hudai TPM 2.0 na Secure Boot, kinga ya wakati kompyuta inawaka.

Kuhusu hifadhi, SSD yoyote ya jina linalojulikana, ya GB 500 au zaidi, inatosha, na tofauti ya NVMe na SATA, njia mbili za kuiunganisha SSD, katika gemu ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Kasha liwe na wavu mbele na feni mbili, moja ya kuingiza hewa na moja ya kuitoa, kwa sababu joto la pwani halisamehe kasha lililozibwa kwa kioo. Taa za rangi zisubiri.

Kabla hujaondoka dukani na vipuri vya mtumba, omba viwashwe pamoja na kadi ipewe kazi nzito kwa nusu saa. Tazama joto lake, sikiliza feni, angalia kama mistari au madoa yanatokea kwenye picha, kisha uandikiwe risiti inayotaja namba ya kila kipuri na muda wa kukirudisha.