Tikisa Risasi Sikioni: Baruti na Nafasi Ndani ya Ganda

Kila nikipokea darasa jipya la askari wa wanyamapori huanza kwa zoezi la kitoto. Nawapa risasi mbili za bunduki kubwa na kuwaambia wazitikise sikioni. Moja inachakacha kama kayamba, nyingine kimya kabisa. Ipi nzuri? Karibu wote huichagua ya kimya, kwa kuwa imejaa. Binti mmoja tu ndiye aliyewahi kunirudishia swali: "Mwalimu, imejaa au imeshindiliwa?"

Swali lake lilibeba somo zima.

Tukubaliane majina kwanza. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba ya njano, fataki ya kuwashia moto kwenye kitako cha ganda, baruti ndani yake, na kichwa, yaani kile kinachoruka. Marekani, Afrika Kusini na nchi kadhaa za Ulaya, mwindaji wa kawaida huokota maganda aliyokwisha kupiga, akatia fataki mpya, akapima baruti, akapachika kichwa, yote hayo mezani kwake nyumbani. Hapa kwetu kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai, wala makala haya hayamfundishi mtu kufanya hivyo. Hutakuta humu kipimo hata kimoja cha baruti. Lakini wageni wa uwindaji huja na risasi walizojitengenezea, na nyati akigeuka, anayesimama ubavuni mwa mgeni ni askari wetu na mfuatiliaji nyayo. Wanastahili kujua kilichomo ndani ya ganda lile.

Wenye gobore wanaijua baruti nyeusi: makaa, salfa na shura. Unaimimina mtutuni, unaishindilia kwa mdeki, unapiga. Baruti hiyo huungua kwa kasi isiyobadilika sana. Baruti isiyo na moshi, aliyoivumbua Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, ina tabia nyingine. Yenyewe ni nitroselulosi, yaani pamba iliyotibiwa kwa asidi, na kadiri presha inavyopanda ndivyo inavyoungua kwa kasi zaidi. Kasi hiyo nayo inapandisha presha. Ndiyo maana anayeitia baruti hiyo kwenye gobore hupasua mtutu, pengine na mkono wake. Na ndiyo maana nafasi ndani ya ganda ni jambo la kufa na kupona: ukiipunguza kidogo tu, presha haipandi kidogo. Inaruka.

Watengenezaji huidhibiti kasi hiyo kwa umbo la punje na kwa dawa inayopakwa juu yake. Kuna baruti za punje za mviringo, ukizimwaga mezani utadhani ulezi. Nyingine ni vijiti vyenye tundu katikati, makaroni madogo hasa. Tundu lile lina kazi: kijiti kikiungua kwa nje kinapungua, wakati huohuo tundu linapanuka kwa ndani, hivyo eneo linaloungua linabaki karibu lilelile na gesi inatoka kwa utaratibu hadi kichwa kiko mbali mtutuni.

Basi anayejitengenezea risasi achague ipi? Ganda kubwa lenye mdomo mwembamba na kichwa kizito linataka baruti ya polepole. Ganda la ujazo huohuo lenye mdomo mpana linataka ya haraka zaidi, kwa sababu kichwa kipana kikisogea kidogo tu kinafungua nafasi kubwa nyuma yake, na baruti ya polepole itabaki ikifukuzia. Zipo orodha zinazopanga baruti kuanzia ya haraka hadi ya polepole, ila orodha ile inaeleza nani anatangulia, haisemi amemwacha mwenzake kwa umbali gani. Majina nayo yanadanganya. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Bruce Hodgdon wa Marekani aliuza baruti ya jeshi iliyobaki, iliyokuwa ya mizinga midogo ya milimita 20, na mojawapo iliitwa 4831. Miaka ya 1970 kampuni ya DuPont ikatoa IMR 4831. Namba ni ileile, lakini hii ya pili huungua haraka zaidi. Anayesoma kipimo cha ile ya kwanza akapima hii ya pili anajitafutia balaa kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa turudi kwa yule binti, kwa sababu hadithi bora ya kushindilia ilitokea katika bara letu hili.

Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa risasi ya .458 Winchester Magnum (namba hizi zenye nukta hueleza takriban upana wa kichwa kwa inchi). Lengo lilikuwa kumpa mwindaji wa tembo nguvu ya .470 Nitro Express ya Waingereza, ambayo bunduki zake za mitutu miwili ziliuzwa kwa bei ya kutisha, ila katika bunduki ya bei nafuu ya bolti, yaani komeo la chuma linalofunga nyuma ya mtutu. Kichwa kilikuwa cha greni 500 (greni 15 na ushee hufanya gramu moja) na mwendo ulioahidiwa ni takriban mita 650 kwa sekunde. Hoja ilikuwa nzuri. Tatizo likawa urefu. Ili risasi iingie kwenye bunduki ya urefu wa kawaida, ganda lilikatwa likawa milimita 63.5, na kichwa kirefu cha greni 500 kikaingia ndani yake kwa kina. Nafasi iliyobaki haikuitosha baruti iliyotakiwa kufikia mwendo ule. Wakaishindilia.

Kushindilia kidogo si dhambi. Baruti nyingi za vijiti huvumilia. Lakini baruti ile ya punje za mviringo, ikibanwa kwa nguvu na kukaa miaka ghalani, iligandamana. Niliwahi kung'oa kichwa cha risasi ya zamani ya aina hiyo ghalani kwetu. Niligeuza ganda, halikumwaga kitu. Niligonga mezani, kimya. Ilibidi nichokonoe kwa waya wa shaba, na baruti ikatoka vipandevipande kama chaki. Bonge la namna hiyo huwaka kwa kusuasua. Waliopima risasi za .458 za enzi zile walikuta baadhi zinakwenda mita 600 kwa sekunde au pungufu, na nyingine zilichelewa kuwaka. Mbele ya tembo, kuchelewa si neno dogo.

Mmarekani Jack Lott alijeruhiwa na nyati nchini Msumbiji mwaka 1959 akiwa na bunduki ya .458. Mwaka 1971 alikuja na jibu lake: akachukua ganda la .375 Holland & Holland, la tangu 1912, akalipanua mdomo na kuliacha na urefu wa milimita 71. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa .458 Lott. Kichwa ni kilekile, ila kinafika takriban mita 700 kwa sekunde bila baruti kubanwa kupita kiasi. Milimita saba na nusu za shaba ndizo zilizoleta tofauti hiyo. Winchester na wengine baadaye walibadili baruti, na .458 za leo hazina ubaya ule. Naitetea kila mara wanafunzi wanapoidharau kwa habari za mababu.

Waingereza wao walikosea kwa upande wa usalama, kama huko ni kukosea. Baruti yao ilikuwa kordaiti, nyuzi ndefu kama tambi, yenye nitrogliserini nyingi, na presha yake ilipanda vibaya kwenye joto. Risasi iliyotulia London ilikuwa kali kwenye jua la Tabora. Wakaijengea nyumba kubwa: ganda la .416 Rigby la mwaka 1911 ni pana ajabu, na hadi leo kiwango chake cha presha Ulaya ni 3,250 kwa kipimo cha baa, wakati .458 Winchester imewekewa 4,300. Ganda linachomoka kwa urahisi hata bunduki ikiwa imeokwa na jua.

Anayejitengenezea risasi kwa umakini hupima ujazo wa ganda lake kwa maji: analipima likiwa tupu, analijaza maji hadi mdomoni, analipima tena. Maganda ya viwanda viwili yanaweza kufanana kwa nje na kutofautiana unene kwa ndani. Ya kijeshi mara nyingi ni mazito. Kichwa nacho kina hila zake. Vichwa vya shaba tupu, ambavyo napenda vienee kwa ajili ya tumbusi wetu wanaokufa kwa kula vipande vya madini ya lidi kwenye mizoga, ni virefu kuliko vya lidi vya uzito uleule, kwa hiyo vinakula nafasi ya baruti.

Na ile inayochakacha? Nafasi kidogo haina neno. Kiasi kidogo mno cha baruti ya polepole kwenye ganda kubwa ndicho kibaya: inalala ubavuni, moto wa fataki unapita juu yake, na kuna bunduki zilizopasuka kwa hali hiyo. Tena ganda lililojaa chini ya nusu linapokea kipimo cha pili kwa bahati mbaya bila kumwagika.

Askari wangu nawaambia hivi. Mgeni akija na risasi za kujitengenezea, apige kadhaa kambini kabla ya kuingia porini, tena risasi zikiwa zimepata joto la mchana. Bolti ikigoma kufunguka au fataki ikitandazika kama chapati, sanduku lile libaki kambini. Ukibonyeza kifyatulio na kusikia "tik" tu, mtutu ubaki umeelekea pasipo na mtu kwa dakika nzima, maana baruti iliyogandamana huweza kuwaka kwa kuchelewa. Ukisikia "puf" dhaifu badala ya mlio, usipige ya pili, maana kichwa huenda kimekwama mtutuni. Toa bolti, inamisha bunduki, tazama mtutuni kutokea nyuma mpaka uuone mwanga upande wa pili.