Kisima, bomba na maneno ya mtaani

"Bosi, hapa tunaweka T moja, kiungo cha kukutanisha mabomba, na gati valvu mbili za kufunga na kufungua maji kwa mkono, kazi imeisha." Fundi alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba, penseli sikioni, akinionyesha ukutani namna bomba la mamlaka ya maji litakavyokutana na bomba la kisima kabla ya kupanda pamoja kwenye simtanki. Siku ya mgao nafunga hili nafungua lile, maji yakirudi nageuza. Ukipita uani kwa watu hapa Dar es Salaam utaikuta hiyo T nyumba nyingi, na kila mwenye nayo atakwambia valvu ikifungwa maji hayarudi nyuma.

Yanarudi. Kwanza valvu haijifungi yenyewe, inamsubiri mtu akumbuke, na saa kumi na moja alfajiri anayekumbuka ni nani? Pili gati valvu ikizeeka inapitisha maji hata ukiikaza mpaka mwisho. Sasa chukua siku ya mgao: bomba la mtaa limekauka, halina presha, halafu pampu yako inawaka. Maji hufuata njia nyepesi, kwa hiyo badala ya kupanda tankini yanateremka kwenye laini ya mtaa. Mama wa nyumba ya tatu akifungua koki ajaze ndoo, anapata maji yako ya kisima na vyote vilivyomo, akidhani ni ya mamlaka yaliyotiwa klorini. Ndiyo maana mamlaka za maji zinakataza kisima kuunganishwa na laini yao, hata kwa valvu kumi.

Dawa yake ni nafasi ya hewa kati ya bomba na maji. Bomba la mamlaka limwage tankini kutoka juu, mdomo wake ukae juu ya tundu la kutolea maji yanayozidi, ili maji ya tanki yasiufikie kamwe. Kisima nacho kipewe tanki lake. Ukimwaga maji ya mamlaka na ya kisima kwenye tanki moja kwa mtindo huo, mtaa umesalimika, ila wewe umeharibu maji safi uliyoyalipia.

Ndugu wa T ni pampu inayofungwa moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka. Utetezi wake ni kwamba maji nalipia, nikiyavuta haraka kosa liko wapi? Kosa ni kwamba unanyonya presha ya mtaa mzima, na bomba linalonyonywa linaingiza chochote kilicho nje yake. Nenda ukaangalie hizo bomba nyeusi za plastiki zinavyokatiza kwenye mitaro yetu, zimelala ndani ya maji meusi, nyingine zimefungwa viraka vya mpira wa tairi. Presha ikiwepo, kiraka kinavuja kwenda nje. Ukiivuta kwa pampu, mtaro unaingia ndani. Jenga tanki la chini, bomba limwage humo kwa mwendo wake, pampu ivute kutoka humo.

Kuhusu kisima chenyewe, neno linalosikika sana ni "kiwanja changu, maji yangu". Hati ya kiwanja haikupi maji yaliyo chini yake. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, namba 11 ya 2009, inasema maji yote Tanzania Bara ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Nchi imegawanywa mabonde tisa ya maji, kila bonde na bodi yake. Dar es Salaam iko bonde la Wami/Ruvu. Kisima cha kuchimbwa kwa mkono kwa ajili ya kunywa, kupika na kufua hapo nyumbani hakidai kibali cha kutumia maji. Ukianza kuuza, kujaza maboza au kuendesha kiwanda cha maji ya chupa, unahitaji kibali cha bodi ya bonde. Na yule anayekuja na mtambo wa kuchimba lazima awe na leseni. Muombe uione kabla hajashusha mabomba, na akimaliza akupe taarifa ya kina cha kisima, tabaka za udongo alizopita na wingi wa maji. Wengi wanaondoka na hela wanaacha shimo tu, na pampu ikiungua hakuna anayejua ilishushwa mita ngapi. Wale wanaotafuta maji kwa fimbo ya panda siwasemi sana. Kwenye mchanga wa pwani yetu ukichimba mahali pengi utakuta maji, fimbo iiname isiiname.

"Maji ni meupe kabisa, angalia chupa." Weupe hauonyeshi vijidudu, na hauonyeshi naitreti, kemikali inayotoka vyooni. Mwongozo unaotumika sana ni kisima kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye shimo la choo. Sasa chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20, ambacho wengi wetu tungeshukuru kukipata. Weka kisima kona hii na choo kona ya mkabala, pima ulalo: mita 28 na kidogo. Hapo hujamhesabu jirani, ambaye shimo lake limegusana na ukuta wako. Kwenda chini zaidi kunasaidia ikiwa sehemu ya juu, kati ya bomba la kisima na udongo, imezibwa vizuri kwa saruji. Isipozibwa, maji machafu yanateremka ubavuni mwa bomba mpaka chini. Shabu inatuliza tope tu. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini chumvi na naitreti vinabaki, tena vinakolea kadiri maji yanavyopungua sufuriani.

Chumvi nayo ina hesabu yake. Karibu na bahari, maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi, na kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari kuna takriban mita 40 chini yake. Vuta hadi ushushe usawa wa maji baridi mita moja, chumvi inajongea kupanda kwa takriban mita hizohizo 40. Kwa hiyo kisima kikianza kukolea, kuchimba zaidi hapohapo mara nyingi ni kuifuata chumvi ilipo.

Halafu dira, ile mita inayopima maji unayotumia. "Nimelipia, ni yangu." Dira hubaki mali ya mamlaka, hairuhusiwi kuifungua, kuigeuza wala kuipitishia bomba la pembeni, Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 inalitia hilo kwenye makosa. Kuanzia dirani kuingia ndani, kila mvujo ni wako.

"Dira inasoma hewa" ina ukweli ndani yake: maji yakirudi baada ya mgao, hewa inayosukumwa mbele huweza kuizungusha. Ila mwezi mmoja bili iliponishtua, nililaumu hewa wiki nzima kabla sijafanya nilichopaswa kufanya. Usiku nilifunga koki zote na valvu za matanki, nikapiga magoti na tochi ya simu. Kile kigurudumu chekundu cha dira kilikuwa kinazunguka taratibu, bila haya. Tarakimu nyekundu ni lita, nyeusi ni uniti, na uniti moja ni lita 1,000, ndoo kubwa 50. Nilikuta mvujo chini ya saruji ya uani, palepale fundi alipotaka kuniwekea T.